Atakayekaa Ubavuni mwa Mbaraka

Mwanangu Hawa,

Mimi Sefu bin Mbaraka nina miaka sabini na sita, na kama karani aliyeandika cheti changu alikosea, basi alikosea kwa kunipunguzia. Nimezika wake wawili, mama yako akiwa wa pili na bora kuliko wa kwanza, Mungu awarehemu wote. Nimezika wenyeviti wa kijiji watatu, na wote watatu niligombana nao nikashinda. Nimedumu kuliko mashua zangu nne, kuliko daktari aliyeniambia moyo wangu haufiki Ramadhani, na kuliko juya langu la kuvulia ambalo katika kijiji kizima cha Kiegeani halikuwa na mwenzake kwa urefu. Katika yote hayo hakuna lililonitia hofu. Leo lipo, na mistari hii unayoiona imekwenda upande si kwa uzee.

Naandika mwenyewe. Kusoma kwangu unakujua: kisomo cha ngumbaru, miezi minane, na mwalimu wetu alisema hajapata kuona mtu mzima anayeshika herufi haraka kama mimi. Ningeweza kumpata mtu aniandikie kwa mwandiko wa kupendeza, ila jambo lenyewe limekataa mkono wa mtu mwingine. Na nitayataja hata yale unayoyajua, kwa kuwa siku moja mwanao Mbaraka ataisoma barua hii, na sitaki apotee njiani.

Sitakuambia namna ya kufunga begi, wala usikae ukingoni mwa boti ya kesho ya kwenda Nyamisati, wala uchemshe maji huko chuoni bara. Una miaka thelathini na moja. Kama kuchemsha maji hukujui mpaka leo, barua haitakusaidia.

Nina haraka. Umekwenda Kirongwe kumuaga shangazi yako, nami nimekaa hapa namwomba Mungu ukawie, na hapo hapo namwomba uharakishe. Nataka ulisome hili kabla mtu hajakupigia simu. Maana tangu saa nne asubuhi kijiji kizima kinajua jambo ambalo wewe, uliyedhulumiwa kwalo, hulijui. Ni ile karatasi ya Mbaraka. Miaka mitatu umeamini kwamba Sikudhani, aliyekuwa shoga yako, hakuileta. Aliileta. Niliipokea mimi. Nikaitia motoni jikoni.

Haya, nimeshasema. Nimeinuka nimekunywa maji, nimerudi.

Kwanza nikupe asili ya ukaidi wangu, si kwa kujitetea. Watu wa Hifadhi ya bahari walipoanza kupita vijijini, walikaa na daftari lao wakauliza kwa adabu kabisa: nani ana nyavu, za namna gani, ngapi. Wenzangu wakatafuna midomo. Mimi nikasimama. Nikasema, "Andika. Sefu bin Mbaraka. Majuya matatu, na moja ukilitandaza hapa linafika msikitini." Halikufika msikitini. Yule kijana akaandika, akanishukuru, nikaondoka kifua mbele. Juya ni wavu wa kukokota, unasomba mpaka samaki wachanga, na walikuja kwa ajili ya kuukataza. Walilisema hilo mapema, ila sikulisikia kwa kuwa nilikuwa nasema mimi. Waliporudi kukusanya, nyumba ya kwanza ikawa yangu. Wenzangu walitoa vipande vibovu. Mimi nilidaiwa matatu, maana matatu niliyataja kwa kinywa changu, na la tatu sikuwa nalo! Ikabidi nieleze mbele za watu kwamba nilijisifu tu. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hapo nikaapa: jina la mtu wa nyumba hii haliingii tena katika orodha ya mtu yeyote. Badala ya kuapa nisijisifu, nikaapa nisiandikwe. Ndivyo nilivyo.

Sasa Mbaraka. Tulimpa jina la baba yangu, na alipofika miaka sita ukampeleka darasa la kwanza. Alikaa wiki moja. Kuvua viatu, kutomtazama mtu usoni, hayo yangevumilika. Lililomshinda ni kengele, ile ringi ya lori inayoning'inia mkoroshoni. Ikigongwa kwa nondo yeye anaziba masikio, anapiga kelele kuishinda kengele yenyewe, anatoka mbio. Ukimshika anauma. Neno alilokuwa nalo ni lile la mwisho ulilomwambia. "Njoo," naye, "njoo," na haji.

Baba yake alishakuacha, akarudi kwao Bwejuu akisema katika ukoo wao hakuna watoto wa namna hiyo. Nami niliyetakiwa kuwa na akili kumzidi nikasema ni deko. Nikasema umemlea ndani ya kanga. Nikampeleka kwa mganga akafukizwa hadi akatapika. Nikamchapa mara mbili. Ya kwanza alilia. Ya pili hakulia, alirudia tu neno nililokuwa nikimwambia, "Nyamaza, nyamaza," tena kwa sauti yangu mimi, ukali ule ule, kikohozi kile kile. Umri wote huu nilikuwa sijapata kuisikia sauti yangu ikitoka kwa mtu mwingine. Fimbo niliiweka chini. Hilo ulikuwa hulijui pia.

Baada ya ile wiki moja mwalimu mkuu akaandika karatasi. Wataalamu wa watoto wenye mahitaji maalumu walikuwa wanakuja Kilindoni kutoka bara, siku moja tu. Mzazi aweke sahihi, ampeleke mtoto apimwe, na watakalolisema ndilo shule ilifuate. Karatasi akapewa Sikudhani, kwa kuwa alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, na kwa kuwa alikuwa shoga yako wa kufa na kuzikana. Mlilima mwani pamoja, hata kamba zenu hamkuzitenga. Siku ile maji yalikuwa yametoka sana, wewe uko mwanini. Akanikuta mimi barazani.

"Shikamoo, Mzee Sefu."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Karatasi ya Mbaraka. Alhamisi apelekwe Kilindoni akapimwe. Hawa aweke sahihi, au hata wewe."

"Apimwe nini, uzito?"

"Namna anavyojifunza, mzee. Wajue asaidiwe vipi darasani."

"Na jina lake linaandikwa?"

"Linaandikwa, ndiyo. Orodha inakwenda wilayani."

"Wakishamwandika, wakija kumchukua?"

Akacheka, unakijua kicheko chake. "Wamchukue wampeleke wapi? Ah, mzee nawe. Mtoto si juya."

Maneno yale matatu ndiyo yaliyoiunguza karatasi. Alinitania tu, kama watu wote walivyokuwa wakinitania. Nikaipokea. Nikamwambia nitampa Hawa. Alipogeuka nikaingia jikoni nikaisukuma chini ya sufuria ya maharage. Maharage yakaiva, ukarudi, ukala, ukayasifu.

Alhamisi ikapita. Ulipopata habari ukaenda shuleni na mwalimu mkuu akaitisha mkutano wa wazazi. Sikudhani akasema wazi, "Nilimpa mzee mkononi." Macho yote yakanigeukia, na mimi macho ya watu ndiyo ulevi wangu. Nikasimama nikasema, "Wallahi, hakuna karatasi iliyofika mikononi mwangu. Huyu alisimama njiani kupiga soga, karatasi ikapeperuka, leo anausingizia uzee wangu." Watu wakaguna. Nilisema vizuri, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ningesema vibaya wangenishuku. Ukamgeukia mwenzio ukamwambia, "Wewe una wanne wazima. Huyu wangu mmoja ukamwonea kijicho hata kwa kipande cha karatasi?" Sikudhani alijifunga kanga yake akatoka. Kamati ikamwondoa, akabaki kupika uji wa shule tu. Jioni ile mkagawana kamba za mwani, na mpaka leo akipita huku wewe unapita kule.

Utauliza nililala vipi. Nililala vizuri, Mungu anisamehe. Kilichonitisha ni kile kiapo. Nikapanda gari mpaka Kirongwe kwa shehe, nisije nikaonekana kwa shehe wetu. Nikamwambia nina rafiki yangu ameapa uongo, afanyeje.

Akasema, "Rafiki yako alishe maskini kumi. Asipoweza, afunge siku tatu."

Nikasema, "Atafunga." Maana ukilisha watu kumi watauliza shughuli ya nini.

Akasema, "Na mwambie huyo rafiki, kama kiapo kilimdhuru mtu, kufunga hakumtoshi. Akamwombe radhi aliyemdhuru."

Nikasema, "Huyo rafiki yangu ana kiburi."

Akanitazama. "Namwona," akasema.

Zile siku tatu ulizonikuta sili mchana ukanichemshia mchaichai ukidhani ni tumbo, nilikuwa nafunga. Nikadhani nimeshamalizana na Mungu. Ndivyo watu wa namna yangu tunavyokosea: tunalipa msikitini deni la jirani, halafu tunatembea tumenyoosha shingo. Mungu hakuitwa mwongo siku ile. Aliyeitwa mwongo ni Sikudhani.

Nimesikia pikipiki, nimetoka. Si wewe. Mbaraka yuko uani anazunguka kisima chake kile cha mchezo, mawe aliyoyapanga mviringo, amezunguka tangu alasiri. Tunazunguka wote, yeye nje mimi ndani.

Mwaka uliofuata wataalamu hawakuja. Miaka miwili mtoto alikaa nyumbani, na siku za bamvua, maji yakitoka sana, ukiwa mwanini nilikuwa nikimfungia komeo. Watu wakipita wakisikia kelele nasema ni mbuzi. Wewe hukukaa. Ulikwenda Kilindoni mara ngapi kwa miguu, ukakaa kwenye benchi la ofisi ya elimu hata wakakujua kwa jina, hata yule bwana wa ofisini akakuambia, "Dada, ukija kesho uje na mkeka." Nawe kesho yake ukaenda na mkeka. Nilicheka sana niliposikia, nikawaambia watu barazani, "Huyo ni wangu, kanirithi mimi." Niliuchukua ushujaa wako nikautia mfukoni mwangu, na mimi ndiye niliyekupeleka kwenye lile benchi.

Walipokuja tena, yule mama mtaalamu akakaa sakafuni na Mbaraka saa nzima hakumwambia neno. Halafu akasema ni usonji. Si pepo, si deko, wala si kanga ya mama yake. Amezaliwa anasikia na kuona kwa namna yake. Akaandika anachohitaji: akae nyuma karibu na mlango, aonyeshwe kwa picha kitakachofuata kabla hakijafika, aruhusiwe kutoka akizidiwa, na mtu mzima akae ubavuni mwake. Shule ikasema picha na mlango itaviweza, mtu mzima haina. Ukasema, "Mtu mzima ni mimi."

Mwaka mzima na ushei umekaa kwenye dawati lile magoti yamekugusa kidevu. Ulichora kadi zako: ya kengele, ya uji, ya daftari, ya kurudi nyumbani. Kabla kengele haijagongwa unamwonyesha kadi, naye anaweka viganja masikioni kwa starehe zake, anangoja, anaitoa. Leo anaandika jina lake lote, lile lile la baba yangu. Na kwa kukaa kwako pale, mwalimu wake Neema akaona ulivyo, akakuhimiza kuomba chuo ukasomee watoto wa namna hii. Ukapata. Miaka miwili, na nafasi yenyewe haikungoji. Lakini kamati ikasema: Mbaraka anabaki darasani maadamu ana mtu ubavuni, mpaka wilaya ilete mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Ikifika Jumatatu hana mtu, anarudi nyumbani.

Nikasema mtu mwenyewe ni mimi. Ukanitazama, nikajua umeogopa. Wiki hii, Jumatatu mpaka Jumatano, ulipokuwa ukihangaikia vyeti vyako Kilindoni, nilikaa mimi. Ukaniuliza imekwendaje, nikakuambia hajapata kutokea msaidizi kama mimi. Sasa sikiliza ilivyokwenda.

Siku ya kwanza Mwalimu Neema aliuliza, "Saba toa tatu?"

Nikajibu, "Nne!"

"Babu, waache watoto wajibu."

"Watoto wamechelewa, mwalimu."

"Wamechelewa kwa kuwa wanafikiri, babu."

Darasa likacheka, Mbaraka akaziba masikio. Siku ya pili nilimwambia mwalimu kwamba herufi zake za ubaoni zimelala, na zamani tulifundishwa kuzisimamisha. Akasema, "Asante, babu. Anayefundishwa hapa ni Mbaraka, na wewe kazi yako ni kadi." Siku ya tatu nilisinzia. Kengele ikagongwa na kadi iko mkononi mwangu, sikuionyesha. Nilipozinduka mtoto hayupo. Ametoka mlangoni, amevuka uwanja, anakimbilia barabara ya Utende, na gari la mchanga linakuja. Mimi nyuma yake nalia, "Mbaraka! Mbaraka!" na kila nikiita anaongeza mbio, kwa kuwa kengele sasa ni mimi.

Sikudhani alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuita. Alikata kwa kando, akampita, akaketi chini ukingoni mwa barabara amempa mgongo. Akaanza kupiga mchanga kwa kiganja, polepole, pa, pa, pa. Mbaraka akasimama. Gari likapita. Mbaraka akaenda akaketi karibu naye, si karibu sana, naye akapiga mchanga. Wakakaa hivyo mpaka harufu ya uji ulioungua ikatufikia.

Sikudhani akasema, "Kengele imekwisha."

"Imekwisha," Mbaraka akasema.

Akasimama. Hakumshika mkono, alimwachia ncha ya kanga tu. Mtoto akaishika, wakarudi darasani.

Nilipopata pumzi nikamwuliza, "Umejulia wapi haya?"

"Nawatazama kutoka jikoni mwaka wa pili huu, Hawa na mwanawe. Au macho nayo mlinikataza?"

Siku mbili sikuweza kutulia. Ulinisema natembea ndani ya nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Jana alasiri nikaenda kwake. Alikuwa anapepeta mchele.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

"Ya uji ulioungua?"

"Ya karatasi."

"Ipi? Ile ambayo haikufika mikononi mwako?"

"Ilifika."

"Najua ilifika, mzee. Niliipeleka mimi. Sasa unanipa habari za safari yangu?"

Nikamwambia nina beberu, Kiegeani hakuna beberu kama yule, namleta kwake kesho. Akasema, "Beberu wako mla kanga za watu mbakishe huko huko." Nikabaki pale nikiokota punje za mchele zilizomwagika. Nimekwambia nina kipaji cha kusema. Kilikuwa kimekwenda zake.

Alipepeta ungo mzima ndipo akasema, "Nitakaa na Mbaraka. Yeye hakunikosea. Lakini sikai kwa kuibia. Pale pale shuleni uliponiita mwongo, simama useme. Na Hawa ajue kabla hajapanda boti. Usimtume mtu, usimpigie simu, hapo utajipamba. Mwandikie. Mimi ilinitoa karatasi, na karatasi inirudishe."

"Mwandiko wangu mbaya, Siku."

"Ulipokuwa unaapa sauti yako ilikuwa nzuri. Kaandike."

Leo saa nne kamati ilikaa, na wazazi wengi walikuwepo. Uliponiaga asubuhi kwenda Kirongwe nilikuambia nina shughuli ndogo. Nilisimama. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Mzee Sefu, leo tena hotuba?" Nikasema leo fupi. Nikasema: karatasi nililetewa na Sikudhani, nikaichoma, nikaapa uongo, mjukuu wangu akapoteza miaka miwili, na huyu akapoteza heshima yake na shoga yake. Kisha nikabaki nimesimama. Mtu akasema kutoka nyuma, "Na juya la tatu je, mzee?" Wakacheka. Niliwaacha wacheke, Hawa. Ni mara ya kwanza nimewaacha. Sikudhani hakucheka wala hakulia. Alisema, "Tuendelee na ajenda."

Kamati imemrudisha kwenye ujumbe wake. Imeandika pia kwamba yeye ndiye atakayekaa na Mbaraka, mzazi akiridhia. Mzazi ni wewe. Fomu iko ndani ya bahasha hii, kila kitu kimejazwa isipokuwa sahihi yako. Mwalimu mkuu aliniuliza kama naweza kutia kidole mimi kwa niaba yako, uondoke bila usumbufu. Nikakataa. Nimeshaamua mara moja juu ya karatasi yako, yatosha.

Sasa kinachonizungusha ni hiki. Naogopa utakasirika useme huendi, utakaa mwenyewe kwenye lile dawati mpaka meno yakutoke, ili nione nilichokifanya. Nimeshakiona. Nikasirikie. Kesho usinipe mkono ukiona mkono hauji, nitasimama pembeni na nitajua kwa nini. Lakini panda boti. Watoto wengine wako ndani ya nyumba za watu hapa kisiwani, wamefungiwa komeo, na babu zao wanasema ni mbuzi. Ninawajua. Wawili naweza kukutajia leo. Wewe ukirudi utakwenda kuwagongea, nami nitakuonyesha milango.

Na usimkasirikie Sikudhani kwa mazoea. Hasira ya miaka mitatu inazoeleka kama kiatu, mtu anaivaa bila kuitazama. Naijua, ya kwangu nimeivaa tangu majuya. Sikuombi umpende leo. Nakuomba uingie kwake kabla ya kwenda, umwambie yale ambayo mimi siwezi kuyasema kwa niaba yako, na yeye akujibu atakavyo. Anaweza kukufungia mlango. Ana haki.

Kitu kimoja nimekijifunza kwa Mbaraka katika siku zangu tatu za usaidizi. Yeye dunia ngumu anaiweza. Anachokiomba ni aambiwe kabla. Nami nimekunyamazia miaka mitatu, kisha nakugongea ringi mkesha wa kuondoka kwako, kadi sikukuonyesha. Kwa hilo sina neno zuri. Nisamehe, mama.

Kazi yangu kuanzia Jumatatu ni kumpeleka shule na kumrudisha, na kukaa nje ya uzio nimefumba mdomo. Darasani sina kipaji. Liweke neno hilo, hutalisikia tena kwangu.

Pikipiki nyingine. Hii imepunguza mwendo.

Najua utakachosema: huyu mzee aliapa kwa Mungu akiwa ameinua kidole, leo nimwamini kwa kipande cha daftari? Una haki. Basi usiniamini mimi. Kisa cha barabarani mwulize Mwalimu Neema, alikuwa mlangoni akaona kila kitu. Ya leo asubuhi mwulize mwenyekiti wa kamati, au yeyote aliyecheka, nao ni wengi. Ya kiapo shangazi yako amwulize shehe wa Kirongwe kama hakujiwa na mzee mwenye rafiki. Na ya karatasi yenyewe, siku ilipotoka mkono mmoja ikaingia mwingine, shahidi ni mmoja tu: Sikudhani binti Juma, nyumba ya tatu kutoka shuleni. Alilolisema miaka mitatu iliyopita ndilo hili nililoliandika, halijapungua wala halijazidi, na yeye hakuhitaji kuapa.

Baba yako,
Sefu bin Mbaraka